Faji za Wanafunzi Zisiishie Kwenye Tasnifu

Ukiniuliza mradi wa maabara unaomfaa mwanafunzi wa chuo asiye na fedha nyingi, sitasita: asake faji. Hivi ni virusi vinavyoshambulia bakteria tu, na hupatikana popote bakteria walipo. Malighafi tunayo tele, kuanzia tope la mto Kisat pale Kisumu hadi udongo wa mashamba ya viazi kule Molo.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaloweka udongo kwenye mchuzi wa virutubisho pamoja na bakteria unayemlenga, unauacha usiku kucha, kisha unauchuja kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22. Bakteria hukwama, faji hupita. Maji yaliyochujwa unayachanganya na bakteria wapya ndani ya agari laini (jeli ya kukuzia bakteria) na kuyamwaga juu ya agari ngumu. Kesho yake utakuta utando wa bakteria umetobokatoboka kama kanga iliyoliwa na mende. Kila tobo huwa limeanza na faji moja.

Hapo ndipo wengi hushangilia mapema. Tobo moja linapaswa kuchotwa na kupandwa upya, mara tatu hivi, hadi uwe na hakika kwamba faji uliyo nayo ni ya aina moja. Halafu utazame: tobo ni angavu au lina ukungu? Ukungu mara nyingi huashiria faji inayoweza kujificha ndani ya jenomu ya bakteria, yaani jumla ya jeni zake, badala ya kumuua. Faji ya namna hiyo hupata nafasi ya kuhamisha jeni. Sisi wa kando ya ziwa tuna sababu ya kulijali hili, kwani sumu inayomharisha mgonjwa wa kipindupindu hutokana na jeni zilizoletwa kwa bakteria na faji. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1996. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kila faji ni dawa.

Kero yangu nyingine ni kulenga bakteria E. koli yule yule wa maabara mwaka baada ya mwaka. Ni mwepesi kukuza, sawa, lakini mkulima wa Elburgon au Mau Narok analia na mnyauko. Mviazi hunyauka ungali kijani, ukikata kiazi kinatoa utomvu mweupe, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, ana faji zake. Mwanafunzi wa Njoro akizitafuta atakuwa na la kumwambia mzazi wake anayelima.

Ila kinachoniuma zaidi huja baada ya mahafali. Tasnifu inajaladiwa, inawekwa rafuni, na mirija ya faji inatupwa ili kupisha sampuli za wengine. Mwaka 2010 mwanafunzi mmoja wa Durban alipata faji kwenye bilinganya iliyooza, ikaitwa Muddy. Ilihifadhiwa kwenye friza miaka kadhaa bila kazi maalumu. Mwaka 2018 madaktari wa London waliitumia, pamoja na faji nyingine mbili, kumtibu binti aliyekuwa na maambukizi sugu baada ya kupandikizwa mapafu, na hali yake ikaimarika. Ingekuwa imetupwa siku mwanafunzi alipohitimu, wangeitoa wapi?

Napendekeza msimamizi asitie sahihi tasnifu kabla hajakabidhiwa mirija miwili ya faji na ukurasa mmoja wa maelezo: sampuli ilichotwa wapi, lini, na faji inaua bakteria gani. Najua watakaosema friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni ghali, na stima yenyewe hupotea ovyo. Kweli. Lakini faji nyingi huvumilia miezi mingi kwenye friji ya kawaida, nyuzi 4, zikiwa kwenye bafa (mmumunyo unaodhibiti kiwango cha asidi) yenye magnesi. Anayehitaji uangalizi zaidi ni bakteria mwenyeji, yule ambaye faji humshambulia na kuzaliana ndani yake; huyo lazima agandishwe kwenye gliseroli, kimiminika kinachomkinga asiharibiwe na barafu. Naye akabidhiwe pia, maana bila yeye huwezi kuikuza faji hiyo tena.