Marehemu Mwenye Masharubu

Nafasi ya chifu mzee katika mchezo wa jukwaani niliipata kwa ajili ya sauti, si sura. Kidevu changu hakijawahi kuota kitu cha kujivunia. Kwa hiyo dada wa mekapu akaniletea ndevu na masharubu ya mvi, nywele zimefungwa mojamoja kwenye wavu mwembamba, pamoja na kichupa cha gundi ya spiriti.

Gundi hiyo ni utomvu wa miti ulioyeyushwa kwenye spiriti. Mfuniko ukifunguliwa tu, mafua yote yanapona. Dada akapaka, kisha akawa anagongagonga kwa ncha ya kidole huku spiriti ikiruka, mpaka vijiuzi vyembamba vikaanza kufuata kidole chake. "Ikivuta hivi imeiva," akasema, akabandika. Kutazama kioo, nikajiona nina wajukuu.

Sasa, gundi ya namna hiyo haipatani na jasho. Na mimi, nikisimama chini ya taa za jukwaani, hapo juu ya mdomo ni chemchemi.

Mwisho wa mchezo nakata roho, binti yangu ananiangukia shavu kwa shavu. Alipoinua uso kuwatangazia wanakijiji msiba, sharubu langu la kushoto lilikuwa limehamia kidevuni kwake. Hana habari. Akalia kwa uchungu: "Baba, umeniachia nini mimi?"

Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Masharubu!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Maiti nikang'ata meno, lakini tumbo likawa linaruka chini ya shuka, na waombolezaji wangu wote wakageukia ukuta kwa huzuni ya ghafla.

Dada wa mekapu akala kiapo. Onyesho lililofuata akaja na gundi ya akriliki, nyeupe kama tui ikiwa mbichi, ikikauka haionekani. Hiyo jasho haliitishi. Nilikufa vizuri mno! Binti alinikumbatia, akanitikisa, hakuondoka na hata unywele.

Kazi ikawa kubandua. Kiyeyusho cha gundi ya spiriti kilikuwepo tele. Cha hii ya akriliki, chenye mafuta, chupa ilikuwa tupu. Tukajaribu spiriti, ikaniwasha ngozi, gundi ikalegea pembeni kidogo kisha ikagoma. Nikavuta kona moja, ngozi ikaja nayo.

"Usivute, kaka, utajichuna!" dada akapiga kelele. "Nenda nazo. Ukifika jipake mafuta ya kupikia, uyaache yapenye, zitaachia zenyewe."

Nikapanda basi na fulana na kaptura, mvi hadi kifuani. Kijana mmoja akainuka kunipisha kiti. Nikakaa, ningeanzia wapi kueleza?

Karibu na nyumbani nikapishana gizani na bibi mwenye mkongojo, ambaye siku zote mimi ndiye ninayemwamkia. Akasimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, babu."

Sauti ya chifu ilikuwa haijanitoka bado.

"Marahaba, mwanangu."