Sheli isiyo na foleni: mafuta kulala au maji kuingia?

Madereva wengi wa Dar wana kanuni moja: jaza mafuta penye foleni. Sheli ya Ubungo au ya Barabara ya Mandela, inayohudumia daladala tangu alfajiri, inaaminika. Ile ya Chanika au Madale ndani, ambako gari hupita moja moja na mhudumu anasinzia kwenye kiti cha plastiki, inaogopwa kwa madai kwamba mafuta yake "yamelala". Hofu hiyo si ya bure, ila imemlenga mtuhumiwa asiye sahihi.

Tuanze na umri. Petroli ikikaa kwenye tangi la chini ya ardhi lililofungwa vizuri, hudumu miezi mitatu hadi sita kabla injini haijahisi tofauti. Dizeli isiyo na maji huvumilia zaidi. Sasa chukua sheli dhaifu inayouza lita 500 za petroli kwa siku. Ikishusha lita 10,000, zinaisha siku ya 20. Ikiuza nusu ya hapo, ni siku 40, bado ndani ya muda salama. Kinachotoroka kwanza ni ile sehemu nyepesi ya petroli inayosaidia injini iliyopoa kuwaka, na kwa joto la Dar dereva hatambui. Utomvu unaoziba matundu ya kabureta huja baadaye sana. Ukitaka kuona petroli iliyolala kweli, fungua jenereta ya nyumbani inayosubiri umeme ukatike, au dumu lenye mfuniko uliolegea.

Huko mafuta yanakotoka nako hakuna tofauti ya sheli kubwa na ndogo. Mafuta huagizwa kwa pamoja chini ya uratibu wa PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo, na kwa Dar meli hushusha Kurasini na Mjimwema, kisha makampuni huchukua kwenye maghala. Ukiacha dawa ambazo baadhi ya makampuni huongeza, jina lililo kwenye bango halibadilishi kilichomo tangini. Hata uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa ya bei nafuu kwenye dizeli na petroli, uliowatesa watu miaka ile, ulipoteza faida yake kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011. Vinasaba, yaani alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi, navyo husaidia kukamata mafuta yaliyokwepa kodi, lakini hilo ni jambo la serikali zaidi kuliko la injini: gari halijui kodi.

Mtuhumiwa halisi ni maji, na hapa ndipo sheli ndogo inapostahili kutiliwa shaka. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo hutua chini. Chukua tangi la lita 20,000 lililolazwa, lenye kipenyo cha mita 2. Maji yakifika kina cha sentimita 5, hizo ni kama lita 130. Yakifika sentimita 10, ni kama lita 375. Mdomo wa bomba la kunyonya huinuliwa kutoka chini ya tangi, mara nyingi sentimita 10 hadi 15, ili usiyafikie. Tangi likiwa na mafuta mengi na maji yakipimwa kila asubuhi, mteja hayaoni maisha yake yote.

Tatizo linaanza pale mwenye sheli hana mtaji. Anaagiza lita 5,000 kwenye tangi la 20,000. Akihisi bei mpya za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zinazotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, zitashuka, anasubiri hadi stoku ikaribie kuisha ili asibaki na mafuta ya bei ya juu. Zikibaki lita 1,500, kina chote ni sentimita 25 hivi. Lori likifika na kumwaga kwa nguvu, maji na mashapo yote yanavurugika pamoja na mafuta. Wa kwanza kujaza baada ya hapo ndiye anayekwenda kwa fundi.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Wengi husema ni jasho la tangi tupu. Lipo, lakini halijotoridi chini ya ardhi haibadiliki sana, kwa hiyo ni kidogo. Mengi huingia kwa juu wakati wa masika: kisanduku cha kupokelea mafuta kimejaa maji ya mvua, mpira wa mfuniko umekauka na kupasuka, na kijana anafungua mfuniko bila kukausha kwanza. Kwenye dizeli kuna la ziada. Vijidudu huota pale maji yanapokutana na dizeli, vikatoa uteute mweusi unaoziba filta.

Lakini foleni nayo si cheti. Sheli kongwe ya katikati ya mji inaweza kuwa na matangi ya chuma ya miongo kadhaa yenye kutu, na lori linaloshusha kila siku linavuruga kila siku. Sheli mpya ya Goba, iliyojengwa mwinuko na kufunikwa vizuri, inaweza kuwa safi kuliko ya bondeni yenye wateja mara kumi. Kwa maoni yetu, mahali tangi lilipo na mtu anayelipima vina uzito kuliko idadi ya magari.

Kwa mteja, mambo ya kuangalia ni machache. Usijaze mafuta wakati lori linashusha. Subiri nusu saa au nenda kwingine. Angalia kama mifuniko ya matangi iko juu ya usawa wa sakafu au kwenye dimbwi. Pampu isiyo na kasoro hutoa lita 30 na zaidi kwa dakika, kwa hiyo lita 20 zikichukua dakika mbili, huenda filta imeziba, ingawa mota dhaifu nayo hufanya hivyo. Ukiwa na mashaka, omba kijiti cha kupimia kipakwe dawa ya kutambulia maji mbele yako. Dawa hubadilika rangi pale ilipogusa maji, na mwenye sheli makini hakatai.

Gari likianza kukohoa kilomita chache baada ya kujaza, usiendelee kupiga stata, hasa kwenye dizeli, maana maji huharibu pampu ya presha na nozeli. Kwa bodaboda, legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, umwage kwenye chupa ya kioo. Kwa dizeli, fungua kitenganisha maji kilicho chini ya filta. Acha chupa itulie robo saa: maji yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Chupa hiyo, pamoja na risiti ya EFD yenye saa na lita, ndiyo malalamiko yako EWURA. Bila risiti, sheli itasema ulijaza kwingine.