Chakula cha mbwa cha kupimiwa kinaficha asili yake

Kwenye maduka mengi ya pembejeo Arusha na Moshi, chakula kikavu cha mbwa hupimwa kwa kilo kutoka kiroba kilichoachwa wazi. Bei yake ni nafuu, lakini binafsi naona hasara yake ni kubwa. Kampuni inapoondoa bidhaa sokoni, tangazo hutaja namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwenye mfuko mweupe usio na maandishi hana cha kulinganisha, na muuzaji aliyekwisha kumimina viroba viwili kwenye pipa moja hawezi kumsaidia.

Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondoa sokoni makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 za chakula cha mbwa na paka. Gluteni ya ngano (protini ya ngano) iliyotumika ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya viwandani, ili kipimo cha protini kisome juu, na figo za mbwa na paka zikaharibika. Mwishoni mwa 2020 zamu ikawa ya Sportmix, chapa ya chakula cha mbwa ya Marekani. Safari hiyo tatizo lilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, na zaidi ya mbwa 70 waliripotiwa kufa.

Sumukuvu ndiyo inayotuhusu zaidi, maana mbwa wetu wengi hula ugali wa pumba na dagaa. Mahindi yaliyokataliwa na watu husemwa "hayo ni ya mbwa", na hapo ndipo tunapowaua. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa huishia kwenye pumba. Moto wa ugali hauiondoi. Wala usitegemee macho, kwani pumba inaweza kuonekana safi kabisa.

Ukisagisha mwenyewe, jaribu mahindi kwanza. Tia kiganja kimoja kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Wakati wa masika usiruke hatua hii.

Cha dukani nunua kiroba kilichofungwa, cha kutosha mwezi mmoja hivi. Kiache ndani ya mfuko wake, kisha uuweke kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya chaga. Ukimimina moja kwa moja, mafuta ya zamani huganda kwenye ndoo na kuchacha. Ukilazimika kupimiwa, omba kiroba chenyewe upige picha lebo. Muuzaji asipokionesha, usinunue.

Mbwa akikataa kula, akatapika, akazubaa, mfunue mdomo. Ufizi au weupe wa macho ukiwa wa njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, huenda ini limeguswa. Acha chakula hicho papo hapo, hata kwa mbwa wasioonesha dalili. Sumukuvu haina dawa ya kuizima, ila daktari wa mifugo akimwahi anaweza kulisaidia ini. Mpelekee pia nusu kilo ya chakula kilichobaki, kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na lebo yake.