Anayezama baharini anahesabiwa wapi?
Mnaandika vifo vya wajawazito Komoro vimeshuka, sawa sibishi, ila mimi bimkubwa wangu kwao Nzwani (kisiwa cha Komoro, Anjouan), sasa yule anayepanda kwasakwasa, yaani boti ndogo za magendo, usiku akajifungulie Maore (Mayotte), kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, mnamhesabu wapi? Ni kilomita kama 70 tu ila tangu Wafaransa waweke viza 1995 watu wanazama hovyo. Akifika salama mtoto anaandikwa Mamoudzou, mji mkuu wa Maore, akizama haandikwi popote, nyumbani wanasoma hitma basi, hakuna karatasi hakuna nini. Jirani yetu kaondoka na mimba ya miezi minane, mpaka leo shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa Nzwani, iko palepale kwenye msumari nyuma ya mlango mamake hataki iguswe. Hiyo takwimu yenu inamjua huyo? Wangazija mliomo humu, kwenu vipi?