Kunguru wa India na magugu maji, kipi kimetuumiza zaidi?

Shemeji yangu anakaa Kisumu mi niko Dar, kila tukipigiana simu ubishi ni uleule, yeye anasema hakuna balaa kama magugu maji, mi namwambia kunguru wa India ndo kiboko.

Kusema kweli ana hoja nzito. Gugu lile asili yake Amerika Kusini, watu wamelisambaza duniani kwa sababu ya ua lake la zambarau, zuri kweli, na lilivyoingia Ziwa Victoria ikafika 1998 huko ghuba ya Winam mitumbwi haitoki, nyavu zinanasa, samaki wanakosa hewa chini. Mvuvi akikaa wiki bila kuingia ziwani nyumbani hakuna unga, hilo sibishi.

Ila gugu lina adui. Waliletwa fukusi wanaolitafuna, Uganda walianza kuwaachia 1995 na Kenya 1997, likaja kupungua sana. Limerudi ndio, maana mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka, lakini unaweza kulivuta ukalitoa majini, na kuna watu wanalikausha wanasukia vikapu mpaka viti.

Sasa kunguru utamsukia nini? Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti asafishe taka za mji, akavuka bara, 1947 yuko Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wenzake, kifaranga anakibeba mchana kweupe mwenye kuku anaangalia tu. Kwetu miti ilikuwa inainama kwa viota vya mnana, leo hakuna hata kimoja na inaniuma sana. Halafu ana akili mno, akiona wenzake wamenasa mtegoni hasogei tena. Zanzibar waliwapunguza kweli miaka ya 90, kazi iliposimama wakajaa upya, na Kenya 2024 wakatangaza kuua milioni moja kwa sumu.

Shemeji ananiambia wote wawili tunawalisha sisi, gugu linanenepa kwa maji taka na mbolea zinazoshuka ziwani, kunguru kwa majalala. Hapo nakubali kabisa, na ndo maana sumu peke yake siiamini, utaua wa leo na chakula cha wengine kipo palepale. Hela ikiwa ndogo mi ningeanza na utumbo wa samaki na mabaki ya machinjioni, yazolewe jioni ileile kabla kunguru hawajaamka, sumu ije baadae kwa watakaobaki.