Picha za nyegere: tumwekee chambo au tumsubiri?

Kila nikikutana na picha kali ya nyegere najiuliza kwanza imepatikanaje, maana huyu mnyama anatembea zaidi usiku, tena peke yake, kumpata kwa kubahatisha ni kazi kweli. Ndo maana wengi wanamwekea chambo, sega la asali, mayai au mabaki ya nyama, kamera iko pembeni, akifika tu anapigwa picha.

Wanaotetea chambo wana hoja jamani. Nyegere watu wanamjua kwa ubabe na wizi wa mizinga basi, wafugaji nyuki wanamuua kwa mitego na sumu, sasa picha nzuri ya yeye akifukua nge au panya inamfanya mtu amuone kwa jicho lingine. Hilo nakubali kabisa. Ila ukimpiga picha anakula asali uliyoweka wewe unazidi kumpaka jina lile lile la mwizi, na pua ile haisahau, akishazoea kwamba penye harufu ya watu pana chakula atarudi kupindua mapipa ya taka kambini, wataanza kumuita msumbufu na kitakachomkuta hakitakuwa kizuri.

Wengine wanasema basi tumfuate na gari na tochi. Hapo mi nahofia zaidi jike mwenye mtoto. Kwa kawaida anazaa mmoja tu, anamhamisha shimo moja hadi lingine kila baada ya siku chache, kambeba mdomoni, na mtoto anamtegemea mama yake mwaka mzima na zaidi. Ukimmulika mlangoni kwake unaweza kumhamisha kabla ya wakati wake, na huko nje kuna simba na chui.

Kwangu mimi bora kamera ya kutega, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, isiyo na chambo, ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), ifungwe njiani anapopita, sio shimoni. Picha zitakuwa chache na nyingine mgongo tu, sawa. Anayetaka kumuona kwa macho aende hifadhi ya Kgalagadi, mpakani mwa Botswana na Afrika Kusini, kwenye baridi ya Juni hadi Agosti huko anatoka sana mchana. Muangalie kipanga: anamfuata nyegere kichaka kwa kichaka, nyegere akichimba yeye anatulia pembeni anavizia panya wanaochomoka. Ukimuona hivyo zima gari, kaa mbali, vuta kwa lenzi, na nyegere akiacha kuchimba akainua pua upande wako ujue umeshasogea mno, rudi nyuma.