Halua ya Helsinki

Ami yangu anajulikana kwa jambo moja barazani kwetu Kibokoni: hakatai kitu kitamu. Kwa hivyo alipoona nimeweka sahani ya vipande vyeusi vyenye pembe nne, vimekatwa vile vile kama kashata, hakuuliza. Alitwaa viwili kwa mpigo, akavitia kinywani, akavishushia kahawa thungu ya moto.

Nilikuwa na nia ya kumwonya. Wallahi nilikuwa nayo.

Kitu chenyewe chaitwa salmiakki, ni peremende, na Wafini, wenyeji wa Finland, wanakila tangu utotoni. Mimi nilikijua mwaka niliofika Helsinki, nilipokaribishwa na mwenzangu wa kazi. Kwa weusi ule na hamu niliyokuwa nayo ya nyumbani, nikasema kumbe hawa nao wana halua yao. Nikatafuna. Kwanza ikaja chumvi, wala si hii ya jikoni; ni chumvi ya amonia, ile harufu inayokupanda puani ukipita karibu na choo cha stendi. Utamu wa urukususu, ule mzizi mtamu, ukafika baadaye, umechelewa, kama mgeni wa harusi aliyekuta sahani zishaoshwa. Mwenzangu ananitazama, anatabasamu. Nami nimelelewa na nyanya aliyetufunza kwamba cha mwenyeji hakitemwi. Nikameza kizima kizima. Akanisogezea pakiti: chukua na kingine.

Aibu yangu ni kwamba baridi ile haijesha nilikuwa nanunua mwenyewe. Mtu huzoea hata mwarobaini.

Basi, Ami. Macho yalimtoka, mashavu yakaingia ndani, na mdomo ambao haujanyamaza tangu uchaguzi wa 1992 ukafungwa kabisa. Kutema hawezi, watu wamemzunguka pande zote. Alipopata leso aligeukia ukutani, akakaa huko kitambo.

"Mwanangu," akasema, "hiki kina nini?"

"Chumvi, Ami."

"Na nguruwe?"

"Hapana, nimesoma pakiti. Hakina hata jelatini."

"Afadhali ungesema yumo, nikapata sababu ya kutapika."

Kicheko kilifika mpaka kwa muuza kahawa, aliyesahau kugonganisha vikombe vyake. Hapo mzee mmoja aliyekula ujana wake akitia bati masufuria ya shaba akachukua kipande, akanusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Hii naijua. Hii ni ile chumvi tukipaka shaba ya moto kabla ya kutia bati. Moshi wake ukitutoa machozi. Nanyi huko mwaila?"

Nilitoa simu nikamtafutie hoja ya kumbishia. Haikuwapo. Ni ile ile, kloridi ya amonia, mafundi wanasafishia shaba nayo na Wafini wanampa mtoto akitulia.

Vurumai ile ikamfikia Nyanya ndani. Alikuwa na kikohozi cha siku nyingi. Akaomba aletewe kimoja aone mwanawe amelilia nini. Akakiweka shavuni, akafumba macho. Sote tukangoja.

"Mbona ni dawa hii," akasema. "Sisi tukikohoa tukipewa urukususu tutafune. Iko nyingine?"

Akala vinne. Ami akaapa kwamba mamake amerogwa.

Tatizo ni kuwa urukususu ukizidi hupandisha presha, na Nyanya presha anayo tayari. Usiku nikaificha pakiti juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya Idi, mahali ambapo mtu wa umri wake hafiki bila kupanda kiti.

Siku ya tatu hamu ilinibana nikaiteremsha. Ilikuwa pale pale, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoiacha. Ndani mna vipande vya pembe nne, vimejaa. Nikatia viwili mdomoni kwa pupa, nikingoja ile chumvi.

Kashata ya sukari guru.

Kutoka chumbani kwa Nyanya nikasikia kitu kinagonga meno, taratibu.